Kuhesabu Dakika Nzima

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na sisi wanafunzi wa uuguzi tumeanza wodi leo. Nimefika viatu vimelowa chapachapa, na nilikuwa nimevipiga rangi nyeupe jana kwa nusu saa nzima.

Wodi ya wanaume, vitanda kumi na viwili, madirisha sita, moja halifungi. Sista mkuu ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, saa kaibana kifuani kwa pini. Waliotutangulia wanamwita Sista Dakika. Sikuchukua hata saa moja kujua sababu.

"Mapigo ya moyo yanahesabiwa dakika nzima," alisema. "Si robo dakika halafu unazidisha kwa nne. Moyo si duka la jumla."

Kisha akatukaririsha kama watoto wa chekechea: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Mara tatu. Mwaka wa pili huu, bado tunaimbishwa!

Mama amepiga simu. Umekula? Nimekula. Umelowa? Nimelowa. Akacheka.

Jumatano, 6 Machi

Kitanda cha saba ameingia mzee mrefu, miguu imevimba hadi magotini, anapumua kama aliyekimbizwa. Nimepewa mimi nimwandikishe.

"Kazi yako, mzee?"

"Refa. Miaka thelathini na moja. Nimetukanwa na watu wengi kuliko nywele zako."

Wodi nzima ikacheka. Mke? Alikuwapo, akasema. Miezi minne sasa. Akageukia dirishani, na mimi nikaona nisimchoshe. Foleni ya kuandikisha ilikuwa ndefu, daktari alikuwa anakuja, na fomu ilibaki na maswali matano. La dawa za nyumbani nililiuliza huku kalamu imeshatangulia: "Dawa za nyumbani umeziacha, sivyo?"

"Ndiyo, binti yangu."

Nikaandika: Hana dawa.

Daktari amemwandikia sindano ya kutoa maji mwilini, na kile kidonge kidogo cheupe cha moyo, dijoksini, kimoja kila asubuhi. Mapigo yakiwa chini ya sitini, hapewi. Tangu leo anaitwa Refa na kila mtu, hata daktari.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Uvimbe wa Refa umeshuka. Mimi ndiye nimepanda: Sista ameniruhusu kusukuma toroli la dawa.

Jumapili, 10 Machi

Sina zamu. Nimefua, nguo hazikauki. Harufu ya chumba chetu hosteli imenikumbusha nyumbani wakati wa masika, baba alipokosa kazi za nje akakaa ndani akichanganya rangi kwenye makopo ya maziwa. Alikuwa fundi rangi wa nyumba. Kila rangi mpya aliijaribu kwanza kwenye ukuta wetu wa nyuma, mpaka ukuta ule ukawa na mistari kama daftari la mtoto. Wageni walidhani nyumba haijaisha. Mama alikuwa akisema fundi rangi ndiye mwenye nyumba isiyo na rangi.

Miaka minane sasa tangu afe. Alikuwa mgonjwa wa moyo. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa dawa kabla ya kwenda shule.

Jumanne, 12 Machi

Sista kanituma nimweleze Refa dawa zake. Nilijiandaa, nikasimama wima, nikamwaga somo kama mkufunzi: kazi ya kila dawa, saa yake, hatari zake. Refa anatikisa kichwa. Umeelewa, mzee? Ndiyo. Una swali? Hapana. Nikarudi mezani kifua mbele.

"Amekwambia nini?" Sista aliuliza.

"Amesema ameelewa."

"Nimekuuliza amekwambia nini. Dawa hii anainywaje, kwa maneno yake?"

"Alisema ndiyo."

"Ndiyo ni adabu," akasema, "si jibu."

Nimemchukia, basi tu. Mwenzangu wa zamu anasema Sista alizaliwa akiwa na ile saa kifuani.

Alhamisi, 14 Machi

Wagonjwa kumi na wanne kwenye vitanda kumi na viwili. Dirisha lile linavuja. Nimehesabu robo dakika nikazidisha. Nani ana dakika?

Ijumaa, 15 Machi

Refa hataki kula. Anasema chakula kinamrudi kabla hakijashuka. Mapigo kumi na sita mara nne, sitini na nne. Nimempa kidonge.

Jumatatu, 18 Machi

Lazima niandike kila kitu, na niandike kama kilivyokuwa.

Saa tatu asubuhi nilikuwa kitanda cha saba na toroli. Refa alikuwa amelala ubavu, uji wake haujaguswa. Nikamshika mkono, macho kwenye saa. Kumi na sita kwa robo dakika. Nikaandika sitini na nne. Nikampa kikombe cha maji na kile kidonge.

Akanitazama. "Leo mbona umevaa njano?"

Nilikuwa nimevaa nyeupe, kama kila siku.

"Tunacheza ugenini, mzee," nikamwambia. "Tumebadili jezi."

Akacheka. "Hata shuka mmebadili? Hata ukuta?" Akameza kidonge.

Nikasukuma toroli hadi kitanda cha nane, kisha cha tisa. Pale cha tisa nikasimama. Maana kicheko kile nilikuwa nimekwisha kukicheka.

Baba alikuwa ameketi kitandani, wiki ya mwisho, mvua ikipiga bati kama hivi. Nilimletea dawa yake, kidonge kidogo cheupe kama kile cha Refa. Akatazama ukuta, akasema, "Nani kapaka chumba changu njano bila kuniambia?" Tukacheka, mimi na yeye. Fundi rangi kaibiwa kazi ndani ya nyumba yake! Nikaenda shule nikawasimulia wenzangu. Siku nne baadaye nikaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, nikamkuta mjomba amesimama mlangoni.

Kitabu chetu kina mstari mmoja juu ya jambo hili. Niliusoma mwaka jana, nikaupigia mstari, nikaujibu kwenye mtihani, nikapata: dijoksini ikizidi mwilini, mgonjwa hukosa hamu ya kula, hutapika, mapigo hupungua, na huweza kuona vitu vyote vina rangi ya njano. Niliusoma kama mtu anayesoma habari za nchi ya mbali.

Niliacha toroli. Haliruhusiwi kuachwa. Nikaenda mezani kwa Sista.

"Sista, Refa anaona njano."

Hakuuliza mara mbili. Aliinuka, akafunga toroli kwa ufunguo akiwa anapita, akamshika Refa mkono. Dakika nzima. Sijawahi kuona dakika ndefu kama ile. Alipoinua uso alisema, "Arobaini na nne, na yanaruka. Wewe umeandika sitini na nne. Umehesabu muda gani?"

Ningeweza kusema dakika. Refa alikuwa amefumba macho, hakuna aliyeniona. Najua kabisa ningeweza, kwa sababu neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Robo dakika, Sista. Na kidonge nimempa."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika tano."

Akamwita daktari. Wakaleta mashine ya waya ya kupimia moyo, wakatoa damu. Mimi nikaambiwa nimvue shati ili waya zishike kifua. Nilipomwinua, kitu kikagonga chuma cha kitanda. Ndani ya foronya ya mto mlikuwa na kikopo cha bati, cha peremende za zamani, na ndani ya kikopo vidonge vidogo vyeupe.

"Mzee, hivi ni nini?" Sista aliuliza.

"Dawa yangu ya moyo. Ya nyumbani."

"Unakunywa?"

"Kila siku, alfajiri, kabla hamjaja."

"Na ile tunayokupa sisi?"

Refa alimtazama kama anayemweleza mchezaji mgeni sheria za mpira. "Dawa za hospitali ni za hospitali. Za nyumbani ni za nyumbani." Akavuta pumzi. "Mke wangu alinipangia humo. Aliniambia nisiache hata siku moja. Zikiisha naenda kununua, narudisha humo humo."

Siku kumi na mbili alikuwa akinywa mara mbili, mbele ya macho yetu.

Wamemhamishia chumba kilicho karibu na meza ya wauguzi. Kidonge kimesimamishwa. Daktari anasema saa ishirini na nne hizi ndizo zenye neno. Nimeketi kwenye ngazi za hosteli na bado ni mchana, jua limetoka kidogo, na nguo za watu zinaning'inia kila mahali.

Jumanne, 19 Machi

Yuko hai. Hamsini. Nimehesabu mimi, na Sista akahesabu nyuma yangu.

Jumatano, 20 Machi

Hamsini na mbili. Ametapika mara moja tu.

Nimempigia mama. Nilitaka kumwambia. Akaniuliza umekula, nikasema nimekula. Sikusema.

Alhamisi, 21 Machi

Leo ilikuwa zamu yangu kuitwa ofisini. Sista, mkufunzi wetu, na fomu ya tukio katikati ya meza. Nilikuwa nimeshapanga nguo zangu kwenye begi.

Sista aligeuza fomu ya kumwandikisha Refa ikanitazama. "Hana dawa. Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Ulimuuliza vipi?"

Nikamwambia: umeziacha, sivyo?

"Ukimwuliza mtu swali lenye jibu ndani yake, atakurudishia jibu lako. Umejiuliza mwenyewe." Kisha akashusha kidole chini ya ukurasa. "Na sahihi hii ni ya nani?"

Niliogopa kujibu. "Yako, Sista."

"Nilitia sahihi bila kwenda kumwuliza mgonjwa. Basi kosa hili lina wazazi wawili." Akachukua kalamu, akaandika sehemu yake, mistari mirefu kuliko yangu, akampa mkufunzi mbele yangu.

Mkufunzi amesema sitafukuzwa, kwa kuwa nilisema mwenyewe na nilisema mapema. Toroli nimenyang'anywa wiki tatu. Kazi yangu itakuwa mapigo: vitanda vyote, asubuhi na jioni, dakika nzima, Sista akinitazama.

Nilipotoka nililia chooni. Si kwa adhabu. Nilikuwa nimezoea kumwona Sista kama ukuta, na leo ukuta ulisogea ukasimama upande wangu.

Jumamosi, 23 Machi

Sitini na sita! Refa ameomba uji wa pili. Anasema ukuta umerudi kuwa mchafu kama zamani.

Jumanne, 26 Machi

Dakika nzima ni ndefu. Ukimshika mtu mkono muda huo hawezi kunyamaza. Wa kitanda cha pili kanieleza habari za shamba lake. Wa cha tano, dereva wa lori, kasema tangu mama yake afe hakuna aliyemshika mkono bila kutaka kitu. Naandika namba, na kila namba ina hadithi yake.

Huwa najiuliza mkono wa baba ulikuwaje. Ulikuwa mkavu, wenye rangi kwenye mikunjo ya vidole isiyotoka hata kwa mafuta ya taa. Niliushika mara nyingi. Sikuwahi kuuhesabu.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua, mvua, mvua. Mama kapiga. Paa la jikoni linavuja. Sikusema.

Jumanne, 2 Aprili

Refa ataruhusiwa Alhamisi, na dijoksini ameanzishiwa upya, nusu kidonge. Sista kaniita. "Nenda kamfundishe."

"Mimi, Sista?"

"Nani mwingine anajua alipojikwaa?"

Safari hii nilivuta kiti, nikakaa. Sikuanza na dawa. Nilimwuliza kuhusu kikopo.

"Alikuwa akikifungua asubuhi, ananihesabia, anakifunga. Miaka sita," alisema. "Alipofariki, watoto wakagawana vyombo, nikasema hiki hapana. Niliona nikiiacha dawa yake, nimemwacha yeye."

"Hukumwacha, mzee. Tulikuwa tunakupa dawa ile ile. Mimi ndiye sikukwambia."

"Wewe ulisema maneno mengi sana siku ile," akasema kwa upole. "Nilikuwa nangoja umalize, mwanangu, ulionekana una haraka."

Nikacheka, nikaona aibu, vyote kwa pamoja. Tukaanza upya. Dawa moja, tukapumzika. Dawa ya pili. Mwisho nikamwambia, "Sasa mimi ni jirani yako, nimekuja kukutembelea. Nieleze unavyokunywa."

Refa alikaa sawa, akavuta shuka kama anayevuta kaptura. "Jirani, karibu. Hiki kidogo ni nusu, asubuhi, baada ya kuhesabu mapigo. Dakika nzima, saa ya mchezo ninayo, haijawahi kunidanganya. Yakiwa chini ya sitini, kadi ya njano: sinywi, natafuta hospitali siku hiyo hiyo. Nikisahau ya leo, kesho siongezi. Hakuna muda wa nyongeza. Na popote nitakapolazwa, kikopo nawaonyesha kwanza kabla sijavua viatu."

"Na ukianza kuona njano kila mahali?"

"Hiyo nyekundu. Natoka uwanjani mbio."

Dereva wa lori akapiga makofi. Sista alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini. Aliandika kwenye faili kwa kalamu yake: Mgonjwa ameeleza mwenyewe.

Alhamisi, 4 Aprili

Ameondoka. Kikopo tumemrudishia kitupu, kimeoshwa. Akakitia mfuko wa shati, akanipa mkono, akangoja. Nikaelewa, nikamhesabu. Sabini kasoro mbili.

Ijumaa, 12 Aprili

Toroli limerudi kwangu. Linalia gurudumu moja.

Alhamisi, 2 Mei

Siku ya kliniki. Nimemwona Refa kwenye benchi, kanyoa ndevu, anamfundisha mama mmoja asiyemjua kuhesabu mapigo. "Usizidishe, mama! Unaharakia wapi?" Nilipita nyuma yake kimya. Tangu asubuhi sijaacha kutabasamu.

Jumamosi, 11 Mei

Nyumbani. Muhula umekwisha, mvua imebaki manyunyu.

Mama amepungua. Ana kikohozi kidogo na mapigo sabini na nne. Nimemhesabu kabla hajaninawisha mikono, akaona nimekuwa mtu mzima wa ajabu. Baada ya chakula tukatoka nyuma kukusanya kuni zilizolowa. Nikamwambia. Nilimwambia yote, nikiwa nimeshika ukuni mmoja kama mjinga: Refa, kidonge, njano, ule mstari wa kitabu. Nikamwambia baba alikuwa akinywa dawa ile ile, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa, na huenda nilikuwa nampa kuzidi.

Mama akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ulikuwa ukimpa kimoja asubuhi," alisema. "Nilikuona. Hukukosea hata siku moja."

"Sasa ilizidi vipi?"

"Mimi nilikuwa nikimpa jioni. Alikuwa akihema sana jioni, ananitazama. Nikadhani kimoja hakitoshi. Hakuna aliyetwambia kuwa kinaweza kuzidi. Mfamasia alisema, chukua, mama. Nikasema ndiyo, asante."

Nilimwambia ukweli: kwamba moyo wa baba ulikuwa umechoka sana, na hakuna anayeweza kujua leo kama ni dawa au ni ugonjwa. Kwamba ule mwezi wa kwanza wa wodi na mimi niliambiwa ndiyo nikaridhika, nikakaribia kumpoteza mtu nikiwa na kitabu mkononi. Yeye hakuwa na kitabu. Akaitikia kwa kichwa, lakini niliona hayupo nami. Alikuwa anafikiria jambo jingine.

"Hiyo njano," akasema mwishowe. "Wanaona kila kitu?"

"Kila kitu, mama. Shuka, kuta, watu."

"Maana siku moja kabla hajafa niliingia kumpelekea maji. Akaniambia, mke wangu, leo unang'aa kama dhahabu." Alitazama viganja vyake. "Miaka minane nimekaa na neno hilo. Hata siku za njaa nilikuwa nikilitoa nalitazama. Kumbe ni dawa."

Nilitamani niyarudishe maneno yangu mdomoni, nikae kimya mpaka nizeeke. Nikaanza kusema kitu, sijui nini, samahani labda, lakini mama aliinua mkono nisiendelee. Kisha nikaona uso wake unafunguka polepole, kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu sandukuni akakigusa.

"Baba yako alikuwa fundi rangi," alisema. "Alijua njano ishirini kwa majina yake. Njano ya ofisi, njano ya jikoni, njano ya mtu mgonjwa. Kama ni njano angesema njano." Akasimama, akakung'uta gauni lake, akabeba kuni zake. "Dawa ilimpa rangi tu. Neno alichagua mwenyewe."